Sura ya Sita: Niweke Namba Ngapi?

Swali hili hunifikia kwa sura ileile, liwe limetoka Lindi, Tanga au Muscat. Mtu ana kanda za marehemu baba yake ndani ya boksi la viatu. Ameazima laptopu, amepata waya, amefungua programu ya kurekodia, na programu imemwekea maswali mbele: 44,100 au 48,000? Biti 16 au 24? Mono au stirio? WAV au MP3? Ndugu wanangoja kwenye kundi la WhatsApp. "Nielekeze tu," ananiambia, "niweke namba ngapi?"

Huwa nampa majibu mawili. La kwanza ni la faili atakalolitunza, la pili ni la faili atakalowarushia ndugu. Hasara nyingi nilizozishuhudia katika kazi hii zilianzia hapo, mtu alipodhani mafaili hayo mawili ni kitu kimoja.

## Kanda ya Mama

Mama mmoja wa Kilwa Masoko alikuwa na kanda ya dakika 60. Upande A baba yake anasoma maulidi. Upande B mzee huyohuyo amekaa barazani, anautaja ukoo wao jina kwa jina, kurudi nyuma hadi kwa waliohama kutoka Kilwa Kisiwani. Mpwa wake akaweka simu mbele ya spika ya redio kaseti, akarekodi, akaituma. Usiku ule kundi la ukoo lilijaa vilio na dua kutoka Mtwara hadi Uarabuni.

Wiki mbili baadaye Mama akataka kuisikiliza tena, na redio ikaila kanda. Utepe ulijisokota kwenye raba, ukavutika, ukakatika vipande.

Kilichobaki ni ile sauti ya simu. Ndani yake kuna bajaji inayopita, kuna kuku, kuna mlango unaofungwa. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe: kelele ikizidi, hushusha kila kitu, na sauti ya mzee inashushwa pamoja nayo. Majina mawili ya ukoo hayasikiki kabisa. Nilipokwenda kumsalimia Mama aliniuliza, "Mwanangu, haiwezi kusafishwa?" Nilijaribu kwa siku tatu. Kelele ilipungua, majina hayakurudi.

Tangu siku hiyo kila kanda ninayoshika naihesabu kuwa itapiga mara moja tu. Namba zote zilizomo katika sura hii zinatoka kwenye hesabu hiyo.

## Kijiti cha kupimia maji

Tuelewane kwanza namba hizi zinasema nini.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kompyuta haiwezi kuuhifadhi mtikisiko wenyewe. Huupima, ikaandika kipimo, ikapima tena. Chukua mfano wa kijiti kilichochomekwa pwani ili kupima maji. Hapa kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila duru kama saa 12 na dakika 25. Ukiwa unakwenda kusoma kijiti mara moja tu katika kila duru, utakuta maji yako palepale kila siku, na utaapa kwamba bahari ya Kilwa haisogei. Ili uijue bahari ni lazima usome zaidi ya mara mbili katika kila duru.

Hiyo ndiyo maana ya 44,100 na 48,000: ni mara ngapi kompyuta inasoma kijiti kwa sekunde moja. Sikio la kijana mzima husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi karibu 20,000 kwa sekunde. Kipimo cha mtikisiko mmoja kwa sekunde huitwa hezi. Ukisoma mara 44,100 unanasa sauti zote hadi hezi 22,050; ukisoma mara 48,000 unafika 24,000. Zote mbili zinalipita sikio.

Biti nazo ni alama zilizochongwa kwenye kijiti. Kijiti chenye alama za mita mita kitakuambia maji yamejaa au yamekupwa, basi. Chenye alama za upana wa kidole kitakuambia hata jahazi likipita. Biti 16 hukupa alama 65,536 kutoka kimya hadi kelele ya juu kabisa. Biti 24 hukupa zaidi ya milioni 16.

## Kanda yenyewe ina nini?

Hapa wengi hupotea kwa kutamani makubwa. Kanda ya kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ina utepe usiofika upana wa milimita 4, unaopita mbele ya kichwa cha redio kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kanda nzuri, iliyorekodiwa kwa mashine nzuri, hufika hezi 12,000 hadi 15,000. Iliyorekodiwa barazani kwa maikrofoni iliyomo ndani ya redio ina kidogo kuliko hapo. Namba kubwa kwenye kompyuta haiongezi kitu ambacho utepe hauna.

Basi kwa nini tusichukue namba ndogo tukamaliza? Biti ndizo zinazonifanya nikatae. Hujui mzee atapaza sauti lini. Ukirekodi kwa biti 24 unaweza kuacha nafasi kubwa juu, sauti ikiwa imeshushwa kidogo, bila kupoteza alama za chini. Anapofika kwenye takbira, haikatwi. Kwa biti 16 nafasi hiyo hupungua, na mtu huanza kubahatisha.

Jumuiya ya kimataifa ya hazina za sauti, IASA, inataka kanda za zamani zisichukuliwe kwa chini ya 48,000 na biti 24, na inapendekeza 96,000. Kwa kaseti za nyumbani mimi huishia 48,000. Nikipanda hadi 96,000 faili linakuwa mara mbili, na sijawahi kusikia tofauti kwenye kanda ya barazani. Mwenye kanda za studio na nafasi ya kutosha na apande.

## Mama na watoto

Faili la kwanza, lile linalotoka moja kwa moja kwenye kanda, naliita mama. Yale madogo ya kurushia watu ni watoto wake. Mtoto akipotea, mama atazaa mwingine. Mama akipotea na kanda imeliwa, hakuna wa kuzaa.

Mama namchukulia hivi: WAV, 48,000, biti 24, stirio. Stirio hata kama kanda ni ya mono, kwa sababu kichwa cha redio ya stirio husoma njia mbili, na mara nyingi njia moja ina uchafu au imekwaruzika na nyingine ni safi. Ukichukua zote mbili utachagua baadaye ukiwa umetulia.

Huu ndio uzito wa saa moja, yaani kanda nzima ya dakika 60:

- WAV 96,000, biti 24, stirio: kama gigabaiti 2.
- WAV 48,000, biti 24, stirio: kama gigabaiti 1.
- MP3 ya kilobiti 128: kama megabaiti 58.
- MP3 ya kilobiti 64, mono: kama megabaiti 29.

Kilobiti hapo ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde. Angalia pengo lilivyo: mama mmoja ana uzito wa watoto zaidi ya 30 wa ile saizi ndogo. Ndiyo sababu watu humtupa mama. Lakini kanda 20 za dakika 60 zinaingia kwenye flashi moja ya gigabaiti 32 na nafasi inabaki.

## Tanga lililokunjwa na ng'onda

Kuna njia mbili za kupunguza uzito wa sauti, nazo hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni kukunja tanga. Likikunjwa linakaa pembeni mwa dau. Likikunjuliwa kitambaa chote kipo, hata uzi haujapungua. Faili la aina ya FLAC ndivyo lilivyo. Hupunguza uzito hadi karibu nusu, na ukilifungua unapata kila kipimo kilichokuwemo. Mama anaweza kukunjwa hivyo bila wasiwasi.

Ya pili ni ng'onda. Samaki amepasuliwa, ametiwa chumvi, ameanikwa juani, amekuwa mwepesi wa kusafiri hadi bara. Analika, tena ni mtamu. Lakini huwezi kumrudishia maji akawa changu wa asubuhi. MP3 ni ng'onda: hutupa zile sauti ambazo sikio haliwezi kuzitofautisha kwa urahisi, ikabakiza zinazosikika zaidi. Ukimchukua ng'onda ukamwanika tena, yaani ukatengeneza MP3 kutoka kwenye MP3 nyingine, unatupa juu ya kutupa. Kila mtoto na azaliwe na mama mwenyewe, asizaliwe na mtoto mwenzake.

Kwa watoto, chaguo langu hufuata kilichomo kwenye kanda:

- Masimulizi, hotuba, barua ya sauti: MP3, mono, kilobiti 64.
- Maulidi, kasida za matari, ngoma: kilobiti 128.
- Taarabu yenye fidla, kanuni na sauti nyingi: kilobiti 192, stirio.

Kuna aina mpya zaidi, kama Opus ya mwaka 2012, ambayo ndiyo inayobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa uzito uleule Opus husikika vizuri kuliko MP3. Nimeijaribu, naipenda, na bado nawapa watu MP3. Bibi aliyeko Songo Songo anasikilizia redio ndogo ya flashi, na redio ile inaijua MP3 tu. Faili zuri lisilofunguka halimfikishii kitu.

Ukipeleka YouTube, mambo hugeuka. YouTube huanika chochote unachoipa, hata kama tayari ni ng'onda. Kwa hiyo huko ipelekee faili kubwa uwezalo kulipandisha kwa bando lako, na hapo 48,000 inafaa kwa sababu ndicho kipimo cha sauti za video.

Kwa ufupi: mama mmoja mkubwa, asiyeguswa. Watoto wengi wadogo, kila mmoja kwa kazi yake na kwa chombo cha msikilizaji.

## Kabla ya namba: pamba, bisibisi na betri

Mtu anaweza kuweka namba zote sawasawa akapata sauti iliyozibwa kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Kosa hapo limetoka kwenye redio. Nikiwa na siku moja ya kufundisha vijana kazi hii, asubuhi yote huishia kwenye mambo haya na namba husubiri mchana.

Anza na kanda yenyewe. Mgongoni ina vijipande viwili vya plastiki. Vivunje, ili asije mtu akabonyeza kitufe kibaya akarekodi juu ya sauti ya marehemu. Tazama utepe kwenye mwanga. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kanda zilizokaa kabatini miaka mingi huota ukungu, madoa meupe au ya kijivu kwenye ukingo wa utepe. Kanda ya namna hiyo usiipige. Ukungu utahamia kwenye kichwa cha redio na kutoka hapo kwenye kanda nyingine zote. Itenge, ikaushwe mahali penye hewa, isafishwe taratibu na mtu aliyeziba pua na mdomo. Iliyo nzima ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe, ili utepe ulioganda ulegee. Ikiwa imekazana, ilegeze kwa kalamu ya biki kama tulivyofanya utotoni.

Kisha redio. Pamba na spiriti kwenye kichwa, yaani kile kichuma kinachogusa utepe, mpaka pamba itoke nyeupe. Raba inayovuta utepe ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Raba chafu au iliyokauka ndiyo iliyoila kanda ya Mama.

Sasa bisibisi. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi, inayokiinamisha kichwa upande huu au ule. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, na redio yako ina wake. Miinamo isipolingana, sauti kali hupotea: "s" na "sh" huzibika, vibati vya matari hufa. Piga kanda, sikiliza kwa masikio yote, zungusha skrubu kidogo sana kushoto na kulia mpaka "s" ing'ae. Hapo acha, urekodi. Kanda inayofuata ianze upya. Hakuna namba kwenye kompyuta itakayokupa faida kubwa kama robo hiyo ya mzunguko.

Waya utoke kwenye tundu la spika za masikioni uingie kwenye kompyuta. Usipitishe sauti hewani. Kwenye kompyuta zima kila kinachojiita uboreshaji wa sauti. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni, na kwao ngoma ni kelele, mawimbi ni kelele, na vigelegele ni kelele. Tazama mshale wa kipimo: juu kabisa kuna sifuri, na kinachovuka sifuri hukatwa kichwa, hakirudi. Mimi huacha sauti kubwa zaidi ifike desibeli 12 chini ya sifuri.

Betri ni habari nyingine. Kanda nyingi za vijijini zilirekodiwa betri zikiwa zimechoka. Mota ilipunguza mwendo, utepe ukapita polepole. Leo ukiipiga kwenye redio yenye umeme kamili, babu anazungumza haraka na kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Watu hudhani ni kanda mbovu, kumbe ni mwendo tu, na unarekebishika.

Kipimo utakipata wapi? Kama wakati ule redio ilichomekwa kwenye umeme wa gridi, huenda mvumo wa umeme umebaki kwenye utepe, na umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde. Ukiukuta mvumo huo umesimama kwenye hezi 53, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 6. Umeme wa jenereta ya mtaani si shahidi wa kutegemewa, kwa kuwa wenyewe ulikuwa unapanda na kushuka. Hapo muulize mjane au kaka yake marehemu: "Ndivyo alivyokuwa anazungumza?" Rekebisha kwenye nakala. Mama abaki na mwendo aliotoka nao.

## Mama wa shaba

Pwani hii ilishawahi kurekodiwa kabla ya kanda. Mwaka 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na fonografu, akapanda nayo hadi Masasi na nyanda za Wamakonde. Alinasa nyimbo kwenye mitungi midogo ya nta, kila mmoja ukibeba dakika mbili tatu. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 Nandete, hapa kwenye milima ya Matumbi, vilikuwa havijapoa.

Nta ni laini. Kila sindano inapopita inaichimba, kwa hiyo kila kusikiliza ni kuharibu. Hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilikuwa na dawa yake: mtungi wa nta ulifunikwa kwa shaba, ukapatikana umbo la kinyume la chuma, na nta yenyewe ikaharibika katika kazi hiyo. Kutoka kwenye shaba ile ziliweza kumiminwa nakala nyingi za nta mpya. Mama wa shaba alikaa kabatini, watoto wa nta wakasikilizwa mpaka wakaisha, wakamiminwa wengine. Hazina hiyo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999.

Jambo la pili walilolifanya nalipenda zaidi. Msafiri aliagizwa apulize filimbi yenye sauti inayojulikana mwanzoni mwa kila mtungi, ili atakayesikiliza baadaye ajue mwendo ulikuwaje. Nasi tuna filimbi yetu: kabla ya kanda kuanza, sema kwenye faili jina la anayesikika, mahali, tarehe unayoijua, upande wa kanda, na redio uliyotumia. Kisha andika jina la faili kwa maneno hayohayo. Faili linaloitwa "Audio 0047" baada ya miaka kumi litakuwa yatima.

Sauti zile za nta zilikwenda Ujerumani, wenyewe wakabaki Lindi na Masasi bila nakala. Mimi hilo huniuma. Ndiyo sababu nikimaliza kanda ya mtu, mama wawili hubaki kwake, kwenye flashi mbili, katika nyumba mbili tofauti.

## Kipi kirushwe?

Kanda ya duka, ya kikundi cha taarabu au cha muziki wa dansi, ina wenyewe hata kama uliinunua kwa fedha yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na waimbaji, na COSOTA wapo kwa ajili ya maswali hayo. Kanda ya nyumbani nayo ina wenyewe: aliyezungumza, na waliotajwa ndani yake. Barua za sauti ambazo ndugu walirekodiana zamani zina madeni, ndoa na magonjwa ya watu walio hai. Sikiliza mpaka mwisho kabla ya kutengeneza mtoto.

Mwaka uliofuata ule kanda yake ilipoliwa, Mama wa Kilwa Masoko aliniita tena. Alikuwa na kanda nyingine, ya marehemu mama yake. Nikaisafisha redio, nikavunja vijipande, nikatafuta "s" kwa bisibisi mpaka ikang'aa. Zilipoanza nyimbo za unyago akaninyooshea kiganja. "Hapo basi, mwanangu. Hizi si zako kuzisikia."

Nikamwita mjukuu wake, binti aliyekwisha kuchezwa, nikamwonyesha mshale, nikamwambia asiuache uvuke 12. Nikatoka nje nikakaa barazani, mlango ukafungwa. Dakika 30 baadaye akafungua akasema imeisha. WAV, 48,000, biti 24, stirio. Mama akaichomoa flashi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Mtoto wa MP3 wa kanda ile hakutengenezwa.